Mdahalo kwenye Runinga, Hukumu kwenye Simu

Swali la msomaji: "Ndugu mtaalamu, kila unapofanyika mdahalo wa wagombea mimi hukaa mbele ya runinga nikiwa na simu mkononi, nikisoma maoni ya watu wakati wagombea bado wanazungumza. Katika mdahalo wa mwisho niliotazama, nilianza nikiamini kwamba mgombea mmoja anajibu vizuri, lakini baada ya kama dakika ishirini nilijikuta nikimcheka pamoja na wengine, na hadi leo siwezi kueleza alikosea wapi. Je, maoni hayo ya mtandaoni yanaweza kunieleza nani ameshinda, au yananipotosha? Na je, niache kabisa kuyasoma?"

Jibu:

Ndugu msomaji, ahsante kwa kuandika bila kujificha. Sentensi iliyonisimamisha katika barua yako ni ile ya kwamba hadi leo huwezi kueleza mgombea yule alikosea wapi, kwa maana humo ndimo lilimo suala lote: hukumu unayo, lakini ushahidi wake huna. Swali lako la pili nitalijibu mwishoni. Kwa lile la kwanza, jibu langu ni kwamba maoni ya mtandaoni wakati wa mdahalo si kipimo cha ushindi. Ni sehemu ya mambo yanayoutengeneza ushindi wenyewe, na nguvu yake haitokani sana na ukweli au uongo uliomo bali na wakati yanapokufikia.

Ili hoja hiyo ieleweke, turudi nyuma hadi enzi ambazo hakukuwa na simu ya kushika. Tarehe 6 Oktoba 1976, mjini San Francisco, Rais Gerald Ford wa Marekani alisema katika mdahalo wake na mpinzani wake, Jimmy Carter, kwamba Umoja wa Kisovieti haukuitawala Ulaya Mashariki, na kwamba chini ya serikali yake jambo hilo halingetokea kamwe. Leo tamko hilo hutajwa kuwa mojawapo ya makosa makubwa kabisa katika historia ya midahalo ya televisheni. Hata hivyo, watazamaji waliohojiwa usiku uleule, mara tu baada ya matangazo kumalizika, hawakulipa uzito. Wengi walimwona Ford amejibu vizuri, na karibu hakuna aliyelitaja tamko lile. Kesho yake, baada ya magazeti na vituo vya televisheni kulirudia na kulichambua, waliohojiwa walimpa Carter ushindi mkubwa, na sababu wakawa nayo: Ulaya Mashariki. Mdahalo ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba katikati ilipita siku moja ya kuambiwa.

Nimeuchagua mfano huo wa zamani makusudi, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba ugonjwa huu uliletwa na mitandao ya kijamii. Haikuuleta. Hukumu ya mdahalo imekuwa ikitolewa na watu wengine tangu mwanzo, na mtazamaji amekuwa akiipokea na kuifanya yake bila kutambua. Mitandao ilichofanya ni kuufuta ule usiku mmoja uliokuwa kati ya sikio la mtazamaji na kinywa cha mchambuzi. Katika midahalo ya mwaka 2008 kituo cha Current TV cha Marekani kilianza kuonyesha jumbe za Twitter juu ya picha za wagombea wenyewe, wakiwa bado wanazungumza. Miaka minne baadaye, Rais Barack Obama na mpinzani wake Mitt Romney walipokutana Denver tarehe 3 Oktoba 2012, jumbe zaidi ya milioni 10 zilipita Twitter katika dakika 90, na tovuti ya BuzzFeed ilichapisha makala ya kueleza jinsi Romney alivyoshinda kabla mdahalo haujatimiza hata saa moja. Mtazamaji wa mwaka 1976 alilala na maoni yake mwenyewe, hata kama yalikuja kung'olewa asubuhi. Wewe hukupata hata muda wa kuyapanda.

Ukitaka ushahidi wa majaribio, nao upo. Mwaka 2010 Uingereza ilifanya kwa mara ya kwanza midahalo ya viongozi wa vyama kwenye televisheni, na watafiti walitumia nafasi hiyo kuwakusanya watu 150 watazame mdahalo ukiwa hewani, huku chini ya skrini ukipita mstari unaopanda na kushuka. Mstari huo, ambao Waingereza na Waaustralia huuita mnyoo, kwa kawaida huonyesha jinsi kikundi cha wapiga kura ambao hawajaamua kinavyoyapokea maneno ya wagombea sekunde kwa sekunde. Wasichojua washiriki ni kwamba mnyoo waliokuwa wakiuona ulikuwa wa kughushi: kundi moja liliuona ukimpendelea Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati ule, na jingine ukimpendelea Nick Clegg, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mstari ule uliathiri majibu yao kuhusu nani ameshinda na hata kuhusu nani wangependelea awe waziri mkuu. Nao ulikuwa mstari mtupu, hauna neno, hauna kejeli, hauna picha ya kuchekesha. Maoni unayoyasoma wewe ni mnyoo uliopewa ulimi.

Sasa, hao wanaosema kupitia ulimi huo ni akina nani? Baada ya mdahalo wa Denver niliokwisha kuutaja, kura ya maoni ya Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, ilikuta kwamba asilimia 66 ya wapiga kura walimwona Romney amefanya vizuri zaidi, dhidi ya asilimia 20 waliomtaja Obama. Kituo hichohicho kilipochambua mazungumzo ya Twitter kuhusu usiku uleule, kilikuta mizani imeelemea upande wa Obama. Yaani mtu aliyeutazama mdahalo ule kupitia mtandao huo peke yake angeamka akiamini kinyume cha walivyoamini wengi. Hakuna muujiza hapo. Wanaoandika si sampuli ya wapiga kura. Wengi wao ni wapenzi wa siasa waliokwisha kuchagua upande, na mtu anayetuma jumbe arobaini katika dakika tisini hapimi hoja, kwani alikwisha kupima siku nyingi na sasa anashangilia.

Kenya ililionja jambo hilo kwa namna ya kupendeza katika mdahalo wake wa kwanza wa urais, tarehe 11 Februari 2013 jijini Nairobi, uliowakutanisha wagombea 8. Mohamed Abduba Dida, aliyepata kuwa mwalimu na ambaye watazamaji wengi walikuwa hawamfahamu, aliwachekesha watu kwa mifano na majibu yake, na usiku ule jina lake likawa gumzo la mitandao. Uchaguzi ulipofanyika mwezi uliofuata, alipata chini ya nusu ya asilimia moja ya kura. Waliomshangilia hawakuwa wanafiki, kwani walifurahi kwelikweli. Ila walikuwa wakijibu swali jingine, lile la nani ametuburudisha, na mtu aliyesoma maoni yao akidhani wanajibu swali la nani anafaa kuongoza alikuwa akijidanganya mwenyewe.

Naomba sasa tuingie ndani ya dakika moja ya mdahalo, kwa sababu huko ndiko ulikopotelea. Kwanza kuna jambo la kiufundi ambalo watu hawalifikirii: matangazo yanayopokelewa kwa antena huwahi, ilhali yale yanayopitia intaneti yanaweza kuchelewa kwa nusu dakika au zaidi. Ukiwa unatazama kwa intaneti, unaweza kusoma "Hapo amejimaliza!" kabla mgombea hajafungua kinywa kulijibu swali lenyewe. Kuanzia hapo husikilizi tena, unasubiri kosa. Na anayesubiri kosa hakosi kuliona, hata kama ni kigugumizi cha sekunde moja. Pili, jumbe unazoziona hazipangwi kwa mfuatano wa kuandikwa kwake. Programu huzitanguliza zile zilizogusa hisia za wengi, zilizopendwa, zilizojibiwa kwa hasira na kusambazwa. Jibu lenye hesabu za kodi linahitaji dakika kadhaa kupimwa, tena na mtu anayeijua kodi, wakati uso uliokunjwa hauhitaji hata sekunde mbili. Basi uso hushinda, si kwa sababu watu ni wapumbavu bali kwa sababu umewahi kufika.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, ni wapambe. Wasemaji wa kambi za wagombea zamani walisubiri mdahalo uishe, wakaingia katika chumba cha waandishi wa habari na kila mmoja kudai kwamba mtu wake ameshinda. Siku hizi kazi hiyo huanza siku kadhaa kabla: picha zimekwisha kubuniwa, vipande vya video vya kauli za zamani vimekwisha kukatwa, alama ya reli (hashtag) imekwisha kugawiwa kwa wafuasi, na pengo pekee lililobaki ni la neno litakalotoka mdomoni mwa mpinzani. Ujumbe wa kejeli uliokuchekesha dakika ya ishirini huenda uliandikwa wakati mgombea bado anafunga tai nyumbani kwake.

Mfano wa jinsi mambo haya matatu yanavyofanya kazi kwa pamoja ni mdahalo wa wagombea wenza wa Marekani uliofanyika Salt Lake City tarehe 7 Oktoba 2020. Makamu wa Rais Mike Pence alikuwa akizungumzia suala zito la haki na ubaguzi wa rangi wakati nzi alipotua juu ya nywele zake nyeupe, akatulia hapo kwa takriban dakika mbili. Nani anakumbuka Pence alisema nini katika dakika mbili zile, na mpinzani wake Kamala Harris alimjibuje? Akaunti za kuigiza sauti ya nzi zilifunguliwa kabla mdahalo haujaisha, na kampeni ya Joe Biden ilianza kuuza vipigia nzi usiku uleule. Nikiri kwamba nami nilicheka, tena nilicheka sana. Baadaye nilipoirudia rekodi nikatambua kwamba hoja iliyokuwa ikijadiliwa ilinipita kabisa, na ilikuwa miongoni mwa hoja nzito za usiku ule.

Hayo yote ni mambo ya kawaida, yasiyohitaji mtu mwovu. Uovu nao upo. Usiku wa tarehe 19 Novemba 2019, Waziri Mkuu wa Uingereza Boris Johnson na mpinzani wake Jeremy Corbyn walipokuwa wakijadiliana kwenye kituo cha televisheni cha ITV, akaunti ya Twitter ya ofisi ya habari ya chama cha Johnson, Conservative, ilibadilisha jina na mwonekano wake ikajiita "factcheckUK", ikaonekana kana kwamba ni chombo huru cha kuhakiki kauli, huku ikiendelea kutoa jumbe za chama. Mtandao huo ulikikaripia chama hicho hadharani. Nchini Ufaransa, saa chache kabla ya mdahalo wa urais wa tarehe 3 Mei 2017, nyaraka za kughushi zilizodai kwamba mgombea Emmanuel Macron alikuwa na akaunti ya siri ya benki ughaibuni zilirushwa kwenye jukwaa la mtandaoni, zikasambazwa kwa kasi, na mdahalo ulipofika mpinzani wake, Marine Le Pen, aliligusia jambo hilo mbele ya kamera kwa kusema anatumaini haitakuja kugundulika kwamba Macron ana akaunti huko Bahamas. Utaona kwamba njia haikuwa ya upande mmoja: uvumi ulitoka mtandaoni ukaingia studioni, kisha ukarudi mtandaoni ukiwa umevaa heshima ya televisheni. Ongeza akaunti bandia zinazoendeshwa na programu, ambazo hurudia ujumbe uleule mara nyingi ili alama fulani ya reli ionekane inavuma, na utaelewa kwa nini wingi wa maoni peke yake haukuambii chochote kuhusu wingi wa watu.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba kila kelele ya mtandaoni ni ya kutungwa. Joe Biden na Donald Trump walipokutana Atlanta tarehe 27 Juni 2024, sauti ya Biden ilikwaruza, sentensi zake zilikatika njiani, na mitandao ikalipuka ndani ya dakika chache. Wale waliotazama bila simu waliona jambo lilelile, wakiwemo watu wa chama chake mwenyewe, na tarehe 21 Julai alijiondoa katika kinyang'anyiro. Mtandao haukuuunda udhaifu ule. Uliutangaza tu mapema. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya kejeli yoyote ni kama mtu aliyetazama bila simu angeliona jambo hilo mwenyewe.

Zaidi ya hapo, maoni hayo yana faida ambazo si haki kuzinyamazia. Wagombea wakitaja takwimu za hospitali, huwa yupo muuguzi mahali fulani anayeijua hali ilivyo; wakitaja mkataba, yupo mwanasheria aliyeusoma. Na wakati mwingine hata mzaha hubeba hoja. Katika mdahalo wa tarehe 16 Oktoba 2012 mjini Hempstead, Romney aliulizwa kuhusu wanawake kulipwa mshahara mdogo kuliko wanaume, naye akaeleza jinsi alivyoletewa "majalada yaliyojaa wanawake" alipokuwa akiwatafutia nafasi katika serikali ya jimbo. Ndani ya dakika chache kauli ile ikawa kichekesho cha mtandaoni, lakini chini ya kicheko kulikuwa na wanawake wengi wakikumbusha kwamba swali lilihusu mishahara na kwamba halijajibiwa. Msimamizi wa mdahalo ana dakika zake zilizohesabiwa na hawezi kufuatilia kila kitu. Umma uliofuatilia swali lililokwepwa umefanya kazi ya maana.

Ndiyo maana sikushauri uache kusoma. Nakushauri ubadilishe mpangilio. Weka simu kifudifudi hadi sehemu ya kwanza ya mdahalo iishe, uwe na karatasi, na kwa kila swali andika mstari mmoja: ameulizwa nini, amejibu nini, amejibu au amekwepa. Usiandike nani ameshinda, andika alichosema. Ukimaliza, fungua simu, usome unavyotaka, na ucheke unavyotaka. Tofauti utaiona mara moja, kwa sababu sasa unasoma ukiwa na kitu cha kulinganisha nacho, na ujumbe unaosema "ameshindwa kabisa kuhusu elimu" utaupeleka kwenye mstari wako wa elimu uone kama unalingana. Programu yako ikikuruhusu kupanga jumbe kwa mfuatano wa muda badala ya umaarufu, fanya hivyo. Na kipande cha video kinachosambaa, kabla hujakiamini, kitafute katika rekodi kamili utazame sekunde thelathini kabla na sekunde thelathini baada, maana mara nyingi ndizo zilizokatwa.

Wapo watakaokushauri usikilize redio badala ya kutazama, wakitoa mfano wa mdahalo wa John Kennedy na Richard Nixon, waliokuwa wakiwania urais wa Marekani, wa tarehe 26 Septemba 1960 mjini Chicago, ambapo inadaiwa kwamba waliotazama walimpa ushindi Kennedy na waliosikiliza redio wakampa Nixon. Kisa hicho kinasimuliwa kila mahali, lakini ushahidi wake ni mwembamba mno: kinaegemea hasa kura moja ya maoni yenye wasikilizaji wachache wa redio, na kuna uwezekano kwamba wasikilizaji hao walikuwa wa aina tofauti na watazamaji tangu mwanzo. Kusikiliza sauti tupu si vibaya, ila usifanye hivyo kwa kuamini kwamba sikio haliwezi kudanganywa.

Kuhusu mgombea uliyemcheka, fanya jaribio hili kabla ya kura yako. Tafuta rekodi ya mdahalo ule, uende moja kwa moja kwenye dakika ya kumi na tano, uzime simu, na usikilize hadi dakika ya ishirini na tano ukiwa na karatasi. Ukilikuta kosa, utakuwa umepata sababu ambayo ulikosa uliponiandikia, na kicheko chako kilikuwa na msingi. Usipolikuta, niandikie tena, unieleze kama unakumbuka ni ujumbe gani uliosoma kwanza.